Barua ya wazi kwa wakubwa wetu: Lubumbashi inahitaji chuo cha mafundi wa misitu na mazingira

Muheshimiwa Gavana wa Jimbo la Haut-Katanga,
Waheshimiwa Wabunge wa Jimbo,
Waheshimiwa Mawaziri wa Mafunzo ya Ufundi, wa Elimu ya Juu na wa Mazingira kule Kinshasa,
Bwana Rekta wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi,
Mabwana na mabibi wakurugenzi wa kampuni za migodi,

Ninawasalimu kwa heshima. Mimi ni mwalimu wa biolojia katika shule ya sekondari, komini ya Katuba. Nimeamua kuwaandikia hadharani, mbele ya wazazi na vijana wa mji huu, kwa sababu jambo ninaloomba linahitaji sahihi za watu wengi, na ofisi moja ikiulizwa peke yake inaweza kujibu kwamba si kazi yake. Ombi langu ni hili: Lubumbashi ipate chuo cha umma cha miaka miwili kinachofundisha kwa vitendo mafundi wa misitu na mazingira, kiwe wazi kwa mtoto wa kila komini na kila kijiji, na kigharamiwe na fedha za migodi ambazo sheria imekwisha kuzitaja.

Hali ya msitu wetu mnaijua, maana mnapita barabara zilezile tunazopita sisi. Kila alfajiri barabara za Kasenga, Likasi, Kipushi na Kasumbalesa zinaleta makala (mkaa) mjini: magunia juu ya baiskeli, magunia juu ya malori, mengine yamefungwa nyuma ya mabasi. Mji wenye wakaaji zaidi ya milioni mbili unapika bukari (ugali) juu ya mbabula (jiko la makala). Hata nyumba yenye umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, inaweka gunia la makala pembeni, kwa kuwa umeme unaweza kukatika maji yakiwa karibu kuchemka. Simlaumu mama anayenunua makala, wala baba anayeyachoma. Wote wawili wanatafuta chakula cha watoto. Ila makala hayo yanatoka kwenye miombo, msitu wetu wa asili, na miombo inazidi kwenda mbali na mji. Wachomaji wenyewe wanasema hivyo: miti minene imekwisha karibu, sasa mtu anatembea mbali zaidi na anakata hata miti myembamba.

Na hapa ndipo elimu inapoingia, maana miombo haifi kwa kukatwa mara moja. Muputu, mutondo na miti mingine mingi ya miombo ina tabia ya kuchipua kwenye kisiki na kwenye mizizi. Ukikata mti chini, karibu na ardhi, kwa shoka kali, ukaacha kisiki safi, mvua za Novemba zinakuta machipukizi yanatoka. Baada ya miaka michache kuna kichaka, na baada ya miaka mingi kuna msitu tena. Kinachoua ni yale yanayofuata baada ya kukata. Moto wa Septemba na Oktoba, wakati majani yote yamekauka na upepo unavuma, unaunguza machipukizi mpaka kwenye mizizi. Moto wa Mei au Juni, nyasi zikiwa bado na unyevu kidogo, hupita haraka na kuacha mti hai. Tofauti ya miezi michache inaamua kama watoto wetu watakuwa na msitu au watakuwa na nyasi tupu. Nani anawafundisha vijana wa Kasenga na Sakania kupanga moto wa mapema, kukata njia za kuzuia moto, kuamua kisiki gani kiachiwe machipukizi mawili na kipi matatu? Wazee wachache wanajua, na wanaondoka na ujuzi wao.

Nichukue pia tanuru la makala. Tanuru la udongo la kawaida, lile tunaloliona kila mahali, huchukua kilo 100 za kuni kavu na kutoa kilo 10 hadi 20 za makala. Zilizobaki zinakuwa moshi na majivu. Tanuru la aina ya Casamance, lenye bomba la moshi na matundu ya hewa yaliyopangwa vizuri, linaweza kufikia kilo 25 au hata 30, kama kuni zimekaushwa na mwenye kulisimamia anajua kusoma rangi ya moshi. Fikirini maana yake. Kwa idadi ileile ya magunia, miti inayokatwa inapungua sana. Lakini tanuru hilo linataka mtu aliyefundishwa na mwenye kulirudia mara nyingi, akikosea mbele ya mwalimu. Karatasi ya maelezo haiwezi kumfundisha.

Kisha kuna jambo ambalo wanafunzi wangu hulipenda kuliko yote, nami nalipenda pamoja nao. Bowa tunayoinunua sokoni wakati wa mvua haioti popote tu. Aina nyingi za uyoga wetu huishi zimeshikamana na mizizi ya miti ya miombo. Uyoga unaupa mti maji na madini ya udongo, mti unaupa uyoga sukari. Ukiondoa muputu, bowa inaondoka pamoja nao. Na anayetaka kupanda upya miti hiyo kwenye kitalu, akatumia udongo wowote tu, anashangaa miche yake inadumaa: haikuletewa udongo wa msituni wenye uyoga ule. Fundi wa kitalu anapaswa kulijua hilo kabla hajajaza mfuko wa kwanza. Vivyo hivyo vinkubala (viwavi vya kuliwa), masuku (matunda ya msituni) na asali. Mama anayeuza vitu hivi pembeni mwa barabara anaishi kwa msitu uliosimama, na hakuna shule inayomhesabu kama mtu wa misitu.

Sasa nigeuke upande wa migodi, kwa kuwa Lubumbashi ni mtoto wa shaba. Tanuru la kuyeyushia shaba liliwashwa hapa mwaka 1911. Kwa miongo mingi moshi wake wenye salfa na vumbi la metali ulisukumwa na upepo wa kusini-mashariki, ukaangukia upande mmoja wa mji. Anayefika Penga Penga anaona matokeo kwa macho: ardhi iliyobaki wazi, udongo uliochukuliwa na mvua, miti ya asili iliyotoweka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi (UNILU) walifanya kazi pale ambayo inapaswa kujulikana na kila mtoto wa mji huu. Walichunguza nyasi ndogo iitwayo Microchloa altera, ambayo yenyewe ilirudi kwenye udongo wenye shaba nyingi, wakaijaribu kama kifuniko cha ardhi. Walipanda miti kwenye mashimo yaliyotiwa mboji na chokaa ili sumu ya metali ipungue makali. Jambo hili linawezekana, limejaribiwa hapahapa, na watu wa hapahapa.

Lakini majaribio ya profesa yanaishia kwenye viwanja vidogo kama hakuna mafundi wa kuyapeleka kwenye hekta. Kurekebisha ardhi ya mgodi ni kazi ya mikono mingi yenye akili: kuchukua sampuli za udongo bila kuzichanganya, kupima uchachu, kuweka chokaa kwa kipimo, kuchagua mbegu, kufuatilia mche unaokufa na kuandika kwa nini umekufa. Ni hivyohivyo kwa maji. Mwaka 2009 timu ya watafiti, akiwemo Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu wa UNILU, ilichapisha utafiti uliopima mkojo wa watu wa Katanga na kukuta kobalti na metali nyingine kwa kiwango kikubwa, hasa kwa wanaoishi karibu na migodi na viwanda. Baada ya habari kama hiyo, mji wa kawaida ungetaka kuwa na vijana wanaopima mito ya Lubumbashi na Kafubu kila wiki, mwaka hata mwaka. Sisi tunasubiri samaki waelee ndipo tuulize.

Waheshimiwa, sheria za nchi hii zinazungumza kana kwamba mafundi hao wapo. Kodi ya Misitu (Code forestier, yaani sheria kuu ya misitu) ya mwaka 2002 inataka misitu ipimwe na ipangwe kabla ya kukatwa. Dekreti ya tarehe 2 Agosti 2014 inaruhusu jamii ya kijiji kupewa msitu wake, hadi hekta 50,000, bila kikomo cha muda. Hiyo ni haki kubwa sana, na kuna vijiji vya Haut-Katanga vilivyokwisha kuichukua. Lakini ili msitu huo utumike, kijiji kinapaswa kuwa na ramani, hesabu ya miti na mpango rahisi wa usimamizi. Nani ataishika GPS? Nani atapima unene wa mti kwenye urefu wa mita 1.30 kutoka chini, kama utaratibu unavyotaka, na kuandika jina lake sawasawa? Kijiji kikikosa mtu wake, kinategemea mradi wa mfadhili, na mradi ukifungwa faili inabaki ofisini.

Kodi ya Migodi (Code minier, sheria kuu ya migodi), ile ya 2002 iliyorekebishwa mwaka 2018, inadai kila kampuni ifanye uchunguzi wa athari kwa mazingira na watu, iwe na mpango wa kuzisimamia, na iweke dhamana ya fedha kwa ajili ya kurekebisha ardhi. Hayo yote yanahitaji watu wa uwanjani. Sheria imeshusha mzigo, mabega ya kuupokea hayajaandaliwa.

Na mukula, mti wetu wa mbao nyekundu? Miaka ya 2010 tuliuona ukipita kwa malori kuelekea Kasumbalesa, magogo mekundu juu ya magogo mekundu, mpaka vijiji vikabaki na visiki. Mwaka 2019, katika mkutano wa CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini) uliofanyika Geneva, mukula uliwekwa katika Kiambatisho cha Pili, yaani biashara yake ya nje inataka kibali na uthibitisho kwamba haiuangamizi. Mwaka 2022, huko Panama, ulinzi huo ulipanuliwa kwa ndugu zake wote wa Afrika, pamoja na mulombwa. Kibali ni karatasi. Pale mpakani anatakiwa mtu anayeweza kuangalia gogo lililochongwa, lisilo na jani wala ganda, na kusema ni mti gani. Ujuzi huo unafundishika kwa lenzi ya mkononi, wembe na mbao za mfano. Hauhitaji miaka mitano ya chuo kikuu.

Nimefika kwenye pengo lenyewe. Upande mmoja tuna UNILU, iliyoanzishwa miaka ya 1950, yenye kitivo cha sayansi za kilimo na watafiti ambao dunia inawasoma. Inatoa mainjinia, na tunawahitaji. Upande mwingine tuna INPP, taasisi ya taifa ya mafunzo ya ufundi, ambayo tangu 1964 inafundisha nchi hii ufundi wa umeme, makanika, kuchomelea na mengine. Kati ya injinia anayeandika mpango na kibarua anayeshika jembe, kwa kazi za misitu na mazingira, kuna nafasi tupu. Injinia mmoja hawezi kuhesabu miti ya hekta elfu peke yake. Kibarua bila mafunzo atahesabu, lakini hesabu yake haitaaminika. Kazi inasimama palepale katikati.

Nilikuwa na mwanafunzi, mtoto wa mchoma makala wa upande wa barabara ya Kasenga, ambaye alikuja mjini kwa mjomba wake ili amalize sekondari. Siku moja niliwapeleka wanafunzi wangu kwenye kipande cha miombo kilichobaki nje ya mji. Mimi nilikuwa na kitabu. Yeye hakuwa na haja nacho. Alitaja miti kwa ganda lake, kwa harufu ya utomvu wake, kwa namna jani linavyokunjika. Alituonyesha mubanga na kueleza kwa nini baba yake hupenda kuuchoma: makala yake ni mazito, hayaishi haraka. Alituonyesha mupundu, akasema nyumbani kwao haukatwi kwa sababu ya matunda. Alipopata diploma ya serikali alitamani kuendelea na kazi ya misitu. Ada ya chuo, kodi ya chumba na miaka yote ile vilikuwa juu ya uwezo wa familia. Leo anabeba mizigo kwenye depo. Sitamtaja jina, lakini kila mwalimu wa Lubumbashi anaposoma hapa anamkumbuka wa kwake. Kichwa kile kingekuwa kinahesabu msitu wa kijiji chake.

Wenzetu wamekwisha kufanya hili, tena jirani kabisa. Ukivuka Kasumbalesa na kuendelea mpaka Kitwe, unakuta Mwekera, chuo cha misitu cha Zambia. Miombo ileile, shaba ileile, hata Kibemba kinasikika pande zote mbili za mpaka. Wao walielewa zamani kwamba nchi ya migodi inahitaji watu wa miti. Tanzania ina Olmotonyi karibu na Arusha, chuo kinachofundisha watu wa misitu tangu 1937, na Tabora ina chuo cha ufugaji nyuki. Kenya ina chuo chake cha misitu huko Londiani. Marekani kuna utaratibu wa vyuo vya jamii: kijana anasoma miaka miwili karibu na nyumbani, kwa ada ndogo kuliko ya chuo kikuu, anatoka na cheti kinachomwingiza kazini kama fundi wa misitu, au anachukua masomo yale na kuingia chuo kikuu mwaka wa tatu. Huko Wanakena, katika jimbo la New York, kuna shule ya mafundi wa misitu iliyofunguliwa mwaka 1912, na wanafunzi wake bado wanajifunzia ndani ya msitu wenyewe. Sisemi tunakili kila kitu. Ninachotaka mkione ni kwamba nchi tajiri, yenye vyuo vikuu vingi, haikuona aibu kuwa na chuo cha miaka miwili. Iliona ni lazima.

Basi chuo chetu kiweje? Jambo la kwanza, na kwangu ni kubwa kuliko majengo, kiwe na msitu wake. Darasa la kupanga linaweza kupatikana kesho, msitu wa kufundishia haupatikani kwa urahisi. Ninaomba serikali itenge eneo la miombo lisilo mbali na mji, lenye sehemu iliyosimama vizuri, sehemu iliyokatwa na sehemu ya mashamba yaliyochoka, ili mwanafunzi aone hali zote tatu na azifuatilie mwaka baada ya mwaka. Kituo cha utafiti wa kilimo cha INERA kipo Kipopo. Ushirikiano unaweza kuanzia hapo. Kule Mikembo, watafiti wa UNILU walikwisha kupima na kuweka alama miti ya kiwanja cha hekta 10, mti kwa mti. Mwanafunzi akipelekwa pale, anaelewa kwa siku moja maana ya kupima msitu.

Mwaka wa kwanza ungekuwa wa mikono na macho: kutambua miti kwa majina ya Kisanga, Kilamba, Kibemba, Kiswahili na ya kisayansi, kitalu, moto wa mapema, matanuru, kutumia dira na GPS, kuchukua sampuli za maji na udongo, usalama wa anayefanya kazi kwenye ardhi yenye metali. Mwaka wa pili kila mmoja achague njia yake, msitu wa jamii, au ardhi ya migodi, au maji na hewa, au wanyama na mbuga. Wenye njia ya mwisho wana Kundelungu na Upemba za kufanyia mazoezi. Na miezi mizima ya mwaka huo ipitie kazini, chini ya fundi mzoefu, na kazi hiyo itiwe alama kama mtihani.

Walimu wasiwe wenye diploma kubwa peke yao. Mzee aliyechoma makala miaka thelathini na anayejua moshi wa bluu una maana gani, alipwe kufundisha. Mama anayejua bowa inayoliwa na ile inayoua, alipwe kufundisha. Lugha ya mafunzo iwe Kifaransa kwa ripoti, na Kiswahili kwa uwanjani, maana fundi atakayeshindwa kueleza kazi yake kwa shefu wa kijiji atakuwa amesoma bure. Na wasichana wahesabiwe tangu siku ya kwanza: bweni lenye usalama, choo chao, na mtu wa kumlalamikia wanaposumbuliwa kwenye mazoezi ya kazi. Wazazi wa komini za Katuba na Kenya hapa mjini wananiambia wazi kwamba hofu hiyo ndiyo inayomzuia binti yao, hata kuliko ada.

Mlango wa kuingilia uwe mpana. Mwenye diploma ya serikali aingie. Asiyekuwa nayo, lakini amefanya kazi ya msitu miaka kadhaa, apewe mtihani wa vitendo na mwaka wa maandalizi. Cheti kitambuliwe na Wizara ya Elimu ya Juu ndani ya mfumo wa LMD (licence, master, doctorat), ili anayefanya vizuri aendelee UNILU bila kuanza upya. Bwana Rekta, hili liko mikononi mwenu zaidi ya mtu mwingine yeyote.

Fedha. Najua ndilo swali la kwanza mezani kwenu, na nimeliacha mpaka hapa makusudi, kwa sababu kwa jimbo letu lina jibu. Kodi ya Migodi ya 2018 inagawa mrabaha wa migodi hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo panapochimbwa, 15 kwa miji, sekta na usultani wa mahali hapo, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Inadai pia kila kampuni itenge walau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa miradi ya maendeleo ya jamii zinazoizunguka. Kuna Mfuko wa Taifa wa Misitu, uliotokana na Kodi ya Misitu, kwa kazi ya kupanda upya. Waajiri wanaichangia INPP kutokana na mishahara wanayolipa. Je, katika mifuko hii yote hakuna panapoweza kutoka kitalu, basi la wanafunzi, maabara ndogo ya maji na mishahara ya walimu ishirini? Mara nyingi fedha za jamii zinajenga jengo lenye bango la rangi. Jengo ni zuri. Lakini shaba itakwisha siku moja, na kijana aliyefundishwa kurekebisha ardhi ndiye atakayehitajika zaidi siku hiyo.

Nimesikia hoja kwamba kazi hazipo. Ninaomba mkurugenzi wa kampuni ajibu mwenyewe: ni watu wangapi wa kusimamia mazingira mnaowaleta kutoka mbali kwa sababu hapa hamkuwapata wenye ujuzi wa uwanjani? Mji unaohitaji miti ya kivuli na mifereji isiyoziba unahitaji mafundi. Misitu ya jamii inahitaji mafundi. Mashamba ya miti ya makala pia. Kwenye nyanda za Bateke, karibu na Kinshasa, Mampu ina hekta karibu 8,000 zilizopandwa Acacia auriculiformis, na wakulima wanavuna makala, mihogo, mahindi na asali kwenye ardhi ileile kwa zamu. Lubumbashi ikitaka mashamba kama hayo kuizunguka, na inayataka, italazimika kuwa na watu wa kuyaotesha.

Wengine watasema semina zinatosha. Nimehudhuria semina, na nazishukuru. Siku tatu zinaweza kumfumbua mtu macho. Hazimpi mkono wa kazi. Mwenye kujifunza kupogoa machipukizi anapaswa kurudi kwenye kisiki kilekile baada ya mvua mbili na kuona alichokosea.

Kwa hiyo naomba mambo haya yafanyike, na nayaomba kwa majina ya vyeo vyenu. Muheshimiwa Gavana, iteni meza moja: UNILU, INPP, idara ya mazingira, idara inayolinda mazingira ya migodi, wawakilishi wa kampuni, machifu, wachoma makala na sisi walimu. Waheshimiwa Wabunge wa Jimbo, kikao cha Septemba ndicho cha bajeti. Andikeni ndani ya edikti (sheria ya jimbo) ya bajeti mstari wa chuo hiki, hata kama mwaka wa kwanza ni wa kupata eneo la msitu, kulipima, kulipatia hati na kuandika mtaala. Waheshimiwa Mawaziri, toeni ruhusa ya kufungua na kutambua cheti kabla wanafunzi wa kwanza hawajaingia, wasije wakamaliza na karatasi isiyopokelewa popote. Wakurugenzi wa migodi, semeni hadharani kila kampuni itapokea wanafunzi wangapi wa mazoezi kila mwaka, na itaajiri wangapi.

Sisi walimu wa sekondari tuko tayari kusaidia kuandika masomo ya mwaka wa maandalizi, jioni na siku za likizo, bila kudai malipo. Wanafunzi wanaotaka kuandikishwa ninao darasani, na wenzangu wa Ruashi, Kampemba na Kipushi wanao wa kwao. Tutaleta orodha siku mtakayotuita. Tunaomba jibu la maandishi kabla bajeti haijapigiwa kura.

Kwa heshima na matumaini,

Mwalimu wa biolojia,
Komini ya Katuba, Lubumbashi